Goti la Robert Griffin: ni nani aliyepaswa kumtoa uwanjani?

Mlezi wa Tononoka aliandika:

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu.

Nina swali lililonikaa moyoni kwa wiki mbili sasa, nami naomba wale wanaoifuata futiboli ya Kimarekani wanisaidie. Mchezo huo nimeujulia ukubwani, kupitia kwa mpwa wangu anayesoma Maryland, ambaye hunitumia mechi za zamani nami nikazitazama kwenye simu baada ya sala ya isha. Aliyonitumia safari hii ni ya mtoano, ya tarehe 6 Januari 2013, kati ya Washington na Seattle Seahawks, iliyochezwa Landover katika uwanja uliokuwa ukiitwa FedExField.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila unapoanzishwa, na ni yeye anayeamua kwa muda wa kupepesa jicho kama ataurusha, atampa mwenzake au atakimbia nao, kwa hiyo timu iliyobahatika kupata kwotabeki hodari humtunza kama mboni ya jicho, ama ndivyo nilivyodhani. Washington walimpata wa kwao mwaka 2012. Ili wapande hadi nafasi ya pili katika zoezi la kila mwaka la kuchagua vijana kutoka vyuoni, waliwapa St. Louis Rams haki zao za kuchagua katika raundi ya kwanza kwa miaka mitatu mfululizo, na juu yake haki ya raundi ya pili ya mwaka ule. Kijana waliyemnunua kwa bei hiyo ni Robert Griffin, na wala hakuwaangusha: katika msimu wake wa kwanza alirusha mpira kwa yadi 3,200, akakimbia nao yadi 815 ambazo hakuna kwotabeki mgeni ligini aliyekuwa amezifikia kabla yake, na timu ikashinda mechi 10 kati ya 16 na kutwaa ubingwa wa kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 1999.

Sasa njooni kwenye mechi yenyewe. Goti lake la kulia lilikuwa limeumia tarehe 9 Desemba dhidi ya Baltimore Ravens. Alikosa mechi moja tu, kisha akarudi akiwa amevaa kifaa cha kulishikilia goti. Siku ya Seattle timu yake ilikuwa mbele 14–0 kabla robo ya kwanza haijaisha, lakini katika robo hiyohiyo, karibu na mstari wa goli, alirusha mpira, mguu ukamsaliti, akaanguka, na alipoinuka hakuwa tena mtu yule. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi. Miguu ya kijana aliyekuwa akiwakimbia mabeki kama paa sasa inavutwa, mipira inayohitaji nguvu ya mguu wa nyuma inafika mifupi, na benchi zima linatazama. Aliachwa hivyo robo ya pili, ya tatu, mpaka ya nne. Timu ikiwa nyuma 21–14, mpira uliorudishwa kwake ulikuja chini, akainama kuufuata, na goti likapinda upande bila mtu yeyote kumgusa. Siku tatu baadaye alifanyiwa upasuaji wa kano mbili za goti. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Kocha Mike Shanahan alieleza baada ya mechi kwamba alimuuliza kijana, na kijana akamhakikishia kuwa ana maumivu lakini hajajeruhiwa, na kwamba anataka kuendelea. Hapo ndipo swali langu lilipo. Je, hilo ni jibu? Mchezaji akisema anaweza, kocha ameshavua jukumu?

Siulizi kwa udadisi mtupu. Kabla sijaanza kulea vijana hawa nilionao sasa, nilikuwa msaidizi katika timu nyingine ambayo sitaitaja, na katika fainali moja ya mtaani beki wetu wa kushoto, kijana wa miaka 17, aliteguka goti mnamo dakika ya ishirini. Tulinunua barafu kwa muuza samaki, ile ya vipande yenye magamba bado yameng'ang'ania, tukaifunga kwenye leso ya mama mmoja mtazamaji na kumwekea. Goti lilikuwa limefura kama dafu. Kocha akamuuliza, "Utaweza?" Naye, mbele ya mtaa mzima, akajibu kwamba ataweza. Akarudishwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo na sikusema neno.

---

Nesi wa Mtopanga alijibu:

Wa aleikum salaam, kaka. Ahsante kwa kuliuliza, maana ni swali ninalokutana nalo kazini kila Jumatatu, siku ambayo vijana huletwa na magoti ya mechi za Jumapili.

Nianze na lile goti lenyewe. Goti la binadamu linashikiliwa na kano nne kubwa, mbili zikiwa ndani, zimepishana kama msalaba, na mbili pembeni, moja kila upande. Griffin aliumia kano ya pembeni kwa nje pale alipogongwa na Haloti Ngata wa Baltimore. Lakini kuna jambo ambalo hukulitaja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: goti hilohilo la kulia lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji mwaka 2009, alipokuwa Chuo Kikuu cha Baylor, baada ya kano ya mbele ya ndani kukatika. Kano moja ikilegea, mzigo wake hauendi popote ila kwa zile zilizobaki, na kamba hukatikia pabovu. Ndiyo maana upasuaji wa Januari 2013 haukuishia kwenye kano ya pembeni peke yake. Na ile ya ndani ilibidi itengenezwe upya.

Kuhusu kumuuliza mgonjwa, nitasema bila kuzunguka: mgonjwa haulizwi uji. Maumivu mtu anaweza kukueleza, lakini ulegevu wa kano hauonekani na mwenye goti, hasa damu ikiwa bado moto. Tunapompima mtu kama huyo tunamlaza chali, tunaukunja mguu, tunashika muundi kwa mikono miwili na kuuvuta mbele taratibu, kisha tunalinganisha na mguu wa pili. Mkono wa mpimaji ndio unaohisi kama mfupa unateleza kupita kiasi. Mgonjwa mwenyewe hapo huwa anatazama dari na kukuambia hajambo. Kwa hiyo kijana aliposema ana maumivu lakini hajajeruhiwa, sidhani alikuwa anadanganya. Alikuwa anatoa ushahidi juu ya kitu ambacho hana namna ya kukijua.

Na daktari naye hakupewa nafasi yake. Asubuhi ya siku ileile ya Seattle, gazeti moja la Marekani lilichapisha maelezo ya James Andrews, daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa kando ya uwanja siku ya Baltimore, kwamba kijana alirudi uwanjani siku ile kabla yeye hajampima, ilhali kocha alikuwa ameshawaambia waandishi kwamba daktari ndiye aliyemruhusu. Maneno mawili yasiyopatana juu ya goti moja, na bado jioni yake goti hilo likapangwa kuanza mechi. Kwangu mimi kosa lilianzia hapo, saa nyingi kabla ya mpira kuanza.

Nyongeza moja: uwanja wenyewe ulikuwa umechakaa, nyasi zimeng'oka. Katika mechi hiyohiyo Chris Clemons wa Seattle naye alikatika kano ya mbele ya goti.

---

Kijana wa Ganjoni alijibu:

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme tofauti kidogo, kwa heshima.

Griffin alikuwa mtu mzima, mwenye mkataba, na mechi ile ilikuwa ya mtoano, ambapo ukifungwa umekwisha. Wachezaji wenzake walikuwa wamemfuata msimu mzima. Lau kocha angemtoa katika robo ya pili akiwa anaongoza 14–0 na kisha timu ikashindwa, watu haohao wanaomlaumu leo wangemlaumu kwa kumtoa nyota wake bila sababu, na kijana mwenyewe huenda asingemsamehe. Mwanamichezo hucheza na maumivu tangu siku ya kwanza. Tukisema kila anayechechemea atoke, hakuna timu itakayomaliza mechi na wachezaji kamili.

---

Mlezi wa Tononoka aliandika:

Marahaba mwanangu, na hoja yako nimeipokea, lakini ipime na hili. Aliyekuwa amekaa benchi siku ile ni Kirk Cousins, naye si mtu wa kuokotwa. Wiki tatu kabla, tarehe 16 Desemba, ndiye aliyeanza dhidi ya Cleveland wakati Griffin amepumzishwa, na wakashinda 38–21. Kwa hiyo kocha hakulazimika kuchagua kati ya nyota na shimo. Alikuwa na mtu mzima wa afya, aliyemjaribu wiki hizohizo tatu kabla, na matokeo akayaona kwa macho yake.

Na Griffin, baada ya robo ya kwanza, hakuwa akiisaidia timu. Mechi nzima alirusha yadi 84 tu, na nyingi kati ya hizo ni za mwanzo, kabla hajaanguka. Hata kama tungeuweka kando utu na kuhesabu alama peke yake, hesabu ilikuwa inasema atoke.

---

Baharia Mstaafu wa Kizingo alijibu:

Nimewasoma nyote kwa makini. Mimi nilipitia bandari ya Baltimore mara nyingi enzi za kazi, na huko ndiko nilikojifunza kuutazama mchezo huu, pamoja na kwamba mechi zao nyingi za jioni hutufikia sisi usiku wa manane. Nakubaliana na dada yangu nesi juu ya goti, ila naona mnaibana hadithi ndani ya jioni moja, ilhali timu ile ilimkosea kijana kwa miaka minne.

Tazameni kwanza walivyompangia mchezo. Msimu wa 2012 alikimbia na mpira mara 120. Kwotabeki kwa kawaida hulindwa asiguswe, lakini huyu alitumwa kukimbia katikati ya majitu ambayo kazi yake ni kuangusha watu. Tarehe 7 Oktoba aligongwa kichwa na Atlanta akatolewa kwa mtikisiko wa ubongo. Wiki moja baadaye, dhidi ya Minnesota, alikimbia yadi 76 peke yake hadi mstari wa goli. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe, nami nililipuka nao sebuleni kwangu, na sasa nikiikumbuka mbio ile naona ndiyo iliyowapofusha. Waliona kasi, hawakuuona mwili uliotikiswa siku saba tu zilizotangulia.

Kisha tazameni walivyomrudisha. Upasuaji ulikuwa tarehe 9 Januari 2013, na tarehe 9 Septemba, miezi minane kamili, alikuwa uwanjani akianza mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Philadelphia. Mchezaji alilitaka hilo, hakuna ubishi, alilitangaza kwa kila mtu. Lakini mguu haukuwa umerudi, na timu ikamaliza msimu na ushindi wa mechi 3 na vipigo 13. Mechi tatu za mwisho kocha akamweka kando, akisema anataka kumlinda asiumie. Niliposikia sababu hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Ulinzi huo ulikuwa wapi siku ya Seattle? Shanahan alifukuzwa siku moja baada ya msimu kwisha, akaja Jay Gruden na mchezo wa aina nyingine kabisa, ambao kijana hakuwahi kuufundishwa, na katika mechi ya pili tu ya 2014 akateguka kifundo cha mguu. Mwaka 2015 alikuwa kwenye orodha ya timu msimu mzima na hakucheza hata dakika moja. Machi 2016 wakamwacha aende.

Kuna picha moja ambayo haitanitoka. Desemba 2014 Rams walikuja kucheza kwa Washington, na kwa ajili ya kurusha sarafu wakawatoa manahodha sita, wote wakiwa vijana waliopatikana kutokana na ile biashara ya Griffin. Wakatembea hadi katikati ya uwanja, wakasimama kwenye mstari mmoja. Griffin alikuwa benchi. Rams walishinda 24–0.

Kwa hiyo jibu langu kwa mlezi ni hili: bei ndiyo iliyoliendesha lile goti. Mtu aliyelipa kiasi kile hana subira ya kungoja kano ipone, kwa kuwa kila Jumapili anayoikosa anaiona kama hasara.

---

Mwalimu wa Likoni alijibu:

Baharia amenifungulia mlango. Katika mwaka uleule wa 2012, aliyechaguliwa nafasi ya kwanza, mbele ya Griffin, ni Andrew Luck wa Indianapolis Colts, na watu wengi husema yeye alitunzwa vizuri kwa kuwa timu yake ilishinda mechi 11 katika kila msimu wa mitatu ya mwanzo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Luck hakuachwa akichechemea mbele ya kamera; aliachwa bila ukuta. Wanaume watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga ndio bima yake, na Colts waliwadharau. Msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 41. Mwaka 2013 viongozi wa timu waliitoa haki yao ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata ili wampate Trent Richardson, mkimbiaji. Mwaka 2015 raundi ya kwanza wakamchagua Phillip Dorsett, mpokeaji wa mipira. Msimu huohuo Luck aliumia bega, kisha dhidi ya Denver figo yake ikachanika. Naomba msome tena neno hilo: figo. Bega alicheza nalo msimu wote wa 2016, akafanyiwa upasuaji Januari 2017, na mwaka mzima wa 2017 hakugusa uwanja.

Uongozi mpya ulipoingia na kumchagua Quenton Nelson, mmoja wa wale wa kumkinga kwotabeki, mwaka 2018, msimu ule Luck aliangushwa mara 18 tu, akarusha pasi 39 za alama na kupewa tuzo ya mchezaji bora aliyerejea. Dawa ilikuwepo muda wote na haikuwa siri. Lakini mwili ulikuwa umeshachoka kuumia na kupona. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29, habari za kustaafu kwake zilivuja wakati mechi ya maandalizi ikiendelea, na alipokuwa akitoka uwanjani baadhi ya mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Alikiri kwamba yalimuuma.

Kijana wa Ganjoni, ndugu yangu, usije ukadhani haya ni ya zamani. Novemba 2025 Washington hiyohiyo, dhidi ya Seattle hiyohiyo, katika uwanja uleule wa Landover ambao sasa una jina jingine, walimwacha Jayden Daniels uwanjani katika robo ya nne huku wakiwa nyuma kwa zaidi ya alama 30, mechi imeshakufa, naye akateguka kiwiko. Kocha Dan Quinn alisema kosa ni lake. Nampa heshima kwa kulikubali, lakini kiwiko kilikuwa kimeshatoka.

---

Nesi wa Mtopanga alijibu:

Mwalimu, mfano wako umenigusa, na nina la kuongeza kuhusu nani mwenye kauli. Tangu msimu wa 2013 ligi ya NFL imeweka kando ya uwanja madaktari wa mishipa ya fahamu wasioajiriwa na timu yoyote, ambao kazi yao ni kutazama waliogongwa kichwa. Maana yake ligi yenyewe ilikiri kwamba anayelipwa na timu si wa kuachiwa uamuzi peke yake. Kwa kichwa walilikubali hilo. Kwa goti na bega, uamuzi umebaki baina ya timu, daktari wake na mchezaji mwenye hofu ya kupoteza nafasi.

Sasa nakuuliza wewe kaka mlezi: yule beki wa kushoto yuko wapi leo?

---

Mlezi wa Tononoka aliandika:

Yuko Changamwe, anaendesha tuktuk. Ana miaka 21. Hachezi tena mechi, ila huja mazoezini jioni kutuokotea mipira, na akikaa chini huunyoosha ule mguu kwanza kwa mikono miwili ndipo aketi. Mwezi uliopita nilimwomba radhi. Aliniambia, "Kocha, mimi nisingetoka. Mama yangu alikuwa pale." Nilikosa la kusema, kwa sababu ndilo jibu lilelile la Griffin, na ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hakuwa anaombwa maoni, alikuwa anaombwa atuondolee lawama.

Kijana wa Ganjoni, sikukatazi kucheza na maumivu. Nakuomba tu, ukiwa nahodha siku moja, usikubali mtu ahojiwe juu ya goti lake mbele ya watu.

Kwa upande wangu nimeamua. Katika timu yangu kuanzia msimu huu atakuwapo mtu mmoja asiyehusika na matokeo, ambaye akisema fulani atoke, fulani anatoka, nami sitambishia hata kama ni fainali na zimebaki dakika tano. Mtu huyo bado sijampata.

---

Nesi wa Mtopanga alijibu:

Mechi zenu ni Jumapili saa kumi, sivyo? Jumapili sina zamu. Nitakuja Tononoka, ila nataka nikae upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi lako. Na huyo kijana wa Changamwe mwambie afike mapema kabla ya mechi, aje na picha za hospitali kama anazo. Miaka minne si muda wa kukata tamaa na goti.